Uzoefu wangu: Kuzunguka Zermatt wakati wa theluji ukiwa na mtoto mdogo

Nianze na hukumu yangu kwa ajili ya mwenye haraka: Zermatt, kijiji cha Uswisi kilicho chini ya mlima Matterhorn, kinafaa sana kwa mtoto anayejifunza kutembea, mradi mizunguko yenu iwe ya reli. Mzazi anayepanga siku zake kwa ramani ya njia za skii, yaani vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, atachoka mapema. Anayezipanga kwa ratiba ya treni atafurahi, na mtoto atafurahi kumzidi.

Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, mdogo wangu wa kike na binti yetu ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Mume wangu anateleza vizuri, mimi ni wa njia nyepesi, na mdogo wangu hataki kabisa kuvaa skii. Nalitaja hili kwa sababu ushauri mwingi nilioupata kabla ya safari ulilenga watu wanaoteleza wote, mtoto akatajwa kama mzigo wa kutafutiwa pa kuwekwa. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: mtu aliyebeba mtoto anatokaje hapa na kufika pale bila kulowa wala kuganda kwa baridi?

Kufika kwenyewe ni rahisi. Magari ya petroli na dizeli hayaruhusiwi kijijini. Anayekuja na gari analiacha Täsch, kilomita 5 kabla, kisha anapanda treni ya dakika 12. Vitoroli vya mizigo vya kituoni hapo vinasukumwa hadi ndani ya behewa, na mwenye mtoto, masanduku na begi la nepi ataona thamani yake. Sisi tulitoka Zurich kwa treni na kubadilisha treni mjini Visp. Treni nyingi za ghorofa za safari ndefu zina behewa la familia, na ghorofani humo kuna sehemu ya watoto yenye kitelezo. Binti yetu alipanda na kuteleza mpaka akalala mwenyewe. Kutoka Visp hadi Zermatt ni zaidi kidogo ya saa moja. Treni inapanda katika bonde jembamba, na kwenye miinuko mikali inajishikiza kwenye reli ya meno, ambayo gurudumu lenye meno linaing'ata ili treni isiteleze. Mtoto wa chini ya miaka 6 anayesafiri na mtu mzima halipi nauli.

Kijijini sasa. Kwa kuwa hakuna magari ya kawaida, ni rahisi mzazi kudhani anaweza kumwacha mtoto atembee atakavyo. Hapana. Kuna teksi za umeme, mabasi ya umeme na vigari vya hoteli na vya mizigo, vyenye umbo la boksi, vingi vikiwa vimeundwa hapohapo Zermatt, na vyote vinapita barabara ileile wanayotembea watu. Sehemu nyingi hazina njia ya pembeni ya waenda kwa miguu. Tena havingurumi. Theluji ikitanda, hata ule mlio mdogo wa matairi unamezwa, na unashtukia tu gari liko nyuma yako. Binti yetu alikuwa katika umri wa kukimbia bila kuangalia, kwa hiyo tuliamua mapema kwamba Bahnhofstrasse, barabara kuu inayoanzia kituoni, anaipita akiwa amebebwa au ameketi kwenye sleji. Mazoezi ya miguu alifanyia Hinterdorf, mtaa wa kale wenye maghala ya mbao yaliyoinuliwa juu ya mawe bapa ili panya wasifikie nafaka. Vichochoro vyake ni vyembamba na vimetulia, naye alipenda kuinama kuchungulia chini ya kila ghala.

Nimetaja sleji, na ningependa kukaa hapo kidogo, kwa sababu ndiyo kifaa kilichotusaidia kuliko vyote. Gari la mtoto la kukunja, lenye magurudumu madogo, halifai huko. Asubuhi barabara ni barafu tupu. Mchana jua likipiga inageuka uji wa theluji uliochanganyika na kokoto zinazomwagwa ili watu wasianguke, na magurudumu yanazama humo. Wenye magari yenye magurudumu makubwa ya hewa niliwaona wakipita, ingawa kwa kusukuma kwa nguvu. Wenyeji wanatumia sleji: kigari cha mbao kisicho na magurudumu, chenye vyuma viwili vya kutelezea chini na kamba ya kuvutia mbele. Ya mtoto mdogo iwe na kiti cha kuegemea na mkanda. Ulizia kwenye maduka yanayokodisha vifaa vya skii, na ulizia siku ya kwanza, kwa kuwa zenye kiti huwahiwa.

Kuivuta kuna namna yake. Ukiwa mbele humwoni mtoto, kwa hiyo mdogo wangu alitembea nyuma yake kila mara. Mkiteremka, sleji inakimbia na kukugonga visigino. Mtu wa nyuma ashike kamba ya pili, au aliye mbele asimame, amtoe mtoto na kumbeba mpaka pawe tambarare. Mahali theluji imefagiliwa vyuma vinakwaruza lami na sleji inagoma, hapo ni kuinyanyua tu. Lakini kwenye theluji iliyoshikana, mtoto mzima na nguo zake zote anavutwa kwa mkono mmoja, huku yeye akiimba.

Mbeleko nayo tuliitumia sana, hasa kwenye treni na ngazi. Mimi ninapendelea kumbeba kifuani, ndani ya koti langu kubwa, kuliko mgongoni kwenye begi lenye fremu. Sababu ni baridi. Anayebeba anatembea na kutoka jasho, wakati anayebebwa hasogei hata kidogo, na miguu inayoning'inia inapoa kabla wewe hujahisi lolote. Akiwa kifuani namwona midomo na namgusa shingo. Tulizoea kumvua kiatu kila tulipoingia ndani, kukagua vidole na kuvisugua. Na sikubali mtu ateleze kwa skii akiwa amebeba mtoto, hata kama ni hodari: hodari naye hugongwa na mwingine.

Mabasi ya umeme ni mazuri kwa saa zake. Nauli imo ndani ya pasi ya skii, yaani tiketi ya kupandia mlimani, na yanaunganisha kituo cha treni, kituo cha kupandia kwenda Sunnegga kilicho ng'ambo ya mto, na kile cha magari ya kebo, vile vyumba vinavyoning'inia kwenye waya, kilicho mwisho wa kusini wa kijiji, ambacho kwa miguu ya mtoto ni mbali. Epuka saa 3 asubuhi, watu wanapokimbilia mlimani, na saa 10 jioni wanaposhuka wote kwa pamoja. Wakati huo wamesimama wamebanana, buti ngumu chini na ncha za skii zikiwa usawa wa uso wa mtoto. Kati ya saa 5 na saa 8 mchana utakaa kwa nafasi.

Kuhusu malazi, nyumba tuliyokodi ilitangazwa kuwa iko karibu na lifti za kupandia mlimani. Kwa mita ni kweli. Katikati, hata hivyo, kuna ngazi ndefu za nje ambazo theluji ikianguka usiku, asubuhi hakuna aliyezifagia. Kwa hiyo usiulize umbali, uliza ngazi. Uliza pia kama wana gari la umeme la kuwapokea kituoni, kwani hoteli nyingi zinalo.

Sasa nije kwenye treni ya Gornergrat, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Kituo chake kinatazamana na kituo kikuu, hivyo hakuna kutafuta. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1898 na imekuwa ya umeme tangu siku hiyo. Inapanda kilomita 9 na kidogo kutoka kijijini, penye mita kama 1,600, hadi mita 3,089, kwa muda wa dakika 33 hivi. Kwa mtoto mdogo sijaona usafiri wa mlimani unaoifikia. Hakuna kuning'inia hewani, hakuna kiti kinachokuja kwa kasi na kukutaka uruke ukae. Ndani kuna joto, madirisha ni makubwa, na mtoto anasimama kwenye kiti chako akitazama nje. Ukipanda, kaa upande wa kulia. Ndiko Matterhorn iliko, mita 4,478 za mwamba zinazojitokeza kila kona inapofunguka.

Faida yake kubwa ni vituo vya njiani. Unaweza kushuka Riffelalp kwenye miti, au Riffelberg, mita 2,582, penye uwanda wa theluji, mkacheza, mkala, kisha mkadaka treni inayofuata. Mtoto akianza kulia, mwisho wa safari uko mikononi mwako. Kati ya Rotenboden na Riffelberg kuna njia ya sleji. Mume wangu alishuka nayo, sisi watatu tukateremka kwa treni tukamsubiri chini, na binti yetu alipomwona baba yake anatokea alipiga kelele kituo kizima kikageuka. Upepo mkali unaposimamisha magari ya kebo, mara nyingi treni hii huendelea kwenda, na siku ya namna hiyo ndiyo iliyotuokoa kukaa ndani.

Kilele chenyewe tulikigusa kwa muda mfupi. Katika mita 3,000 oksijeni unayovuta ni kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, na mtoto wa umri huo hawezi kukuambia kwamba kichwa kinamuuma. Tulimwangalia kwa alama nyingine: anakataa kula, analegea, analia bila sababu. Tulipanda baada ya mwili kuzoea kijijini kwanza, tukapiga picha, tukashuka Riffelberg kucheza. Treni za asubuhi hujaa. Ya saa 4 na nusu na kuendelea ni afadhali.

Sunnegga ndiyo ya pili kwa ubora. Kutoka kijijini unaingia njia ndefu ya chini ya ardhi, kisha treni ya kebo inayopanda ndani ya mlima tangu mwaka 1980 inakufikisha mita 2,288 kwa dakika chache tu. Kasi hiyo inaziba masikio. Mpe mtoto ziwa, chupa au kitu cha kutafuna inapoanza kuondoka, na vivyo hivyo wakati wa kushuka, kwa sababu hapo ndipo maumivu huwa makali zaidi. Vyumba vyake vimepangwa kwa ngazi, kwa hiyo hapa tulitumia mbeleko. Juu, lifti fupi ya mteremko inawashusha bure hadi Leisee, kwenye uwanja wa watoto wanaoanza, wenye mikanda ya kutembea inayowapandisha taratibu. Binti yetu hakuvaa skii. Aliketi kwenye theluji akichota kwa koleo dogo, akaridhika kabisa. Watoto wa chini ya miaka 9 hawalipi pasi ya skii, ila chukua kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa.

Kule Matterhorn Glacier Paradise, kituo cha juu cha magari ya kebo kilicho mita 3,883, hatukumpeleka. Watu wazima walikwenda kwa zamu.

Jua lichukulieni kwa uzito kuliko baridi. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi na macho, nayo mionzi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda. Mtoto aliyelala kwenye sleji uso ukitazama juu anaipata kutoka pande zote. Krimu, kofia yenye ukingo na miwani yenye mkanda nyuma ya kichwa, hata siku ya mawingu.

Bebeni pia akiba ya nepi, maziwa na dawa ya kutosha siku za ziada. Mnamo Januari 2018 theluji nyingi na hatari ya maporomoko zilifunga barabara na reli, na watalii wapatao 13,000 wakakwama kijijini. Ni nadra, lakini bonde lina njia moja tu ya kutokea.

Mnaotaka kuteleza wote wawili siku nzima mtahitaji mlezi au kituo cha kulea watoto, na hivyo viwekwe nafasi kabla ya tiketi za ndege, kwani shule za skii zenyewe hupokea watoto kuanzia miaka mitatu au minne. Sisi tulikuwa na mdogo wangu. Tulimlipia pasi ya treni, naye kila asubuhi akachagua kituo cha kushukia na mpwa wake.