Hita plagi za gari la dizeli: zipi ununue, na nini ubadilishe hapo hapo

Kama gari asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka, halafu ikiwaka inatoa moshi mweupe na kutetemeka, hita plagi, zile zinazopasha moto ndani ya silinda ili dizeli iwake injini ikiwa baridi, ndio za kushuku kwanza. Ila kabla hujatoa hela pima. Chomoa waya wa plagi, weka multimita kwenye ohms, ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha plagi, ncha ya pili kwenye eathi ya injini. Nzima nyingi zinasoma chini ya ohm 2, ikikuonyesha umeme umekatika kabisa hiyo imekufa. Na ukikuta zimekufa mbili badilisha seti nzima, hizo nyingine zina umri ule ule na hutaki kufungua tena mwezi ujao.

Namba 1 kwangu ni zile za kampuni ya gari lenyewe au za wanaozitengenezea kampuni za magari, kina Beru, Bosch, Denso, NGK. Tafuta kwa namba ya injini, usilinganishe kwa macho, maana plagi mbili zinaweza kufanana meno na urefu lakini moja ni ya volti 11 na nyingine ya volti 5, na ya volti 5 ukiipa umeme wote wa betri inaungua haraka sana.

Namba 2 ni za seramiki. Zinapata moto hatari, mpaka kama nyuzi 1300 ndani ya sekunde chache, wakati za chuma zinaishia kwenye 1000 hivi. Sasa mbona sijaziweka juu? Kwa sababu zinafaa tu kama injini yako ilitoka nazo kiwandani, kontrol ya gari inayopeleka umeme kwenye plagi imepangwa kwa ajili ya seramiki, na ni za kuvunjika, ikikudondoka sakafuni usiifunge hata kama inaonekana nzima.

Za mwisho, na mi nasema usinunue kabisa, ni zile za bei ya chini zisizo na jina. Ncha yake inavimba ikipata moto mara nyingi, ukija kuitoa haipiti kwenye tundu, unavuta inakatika kipande kinabaki ndani ya silinda. Hapo unaweza kuishia kushusha silinda hedi, ile nafuu uliyoipata imeenda na maji.

Sasa hela iliyobaki iweke kwenye vitu vinavyoizunguka plagi, hapa ndio watu wengi wanakosea. Cha kwanza ni relei, swichi inayopeleka na kukata umeme wa plagi. Zitoe plagi kuukuu uzipange kwa mpangilio wa silinda uziangalie ncha moja moja. Zikiwa zimevimba zote, shuku relei imeganda inapeleka umeme bila kukata, au mtu alifunga plagi za volti isiyo yake. Ikiwa moja tu ndio imeliwa au imetoboka ncha, nenda kaangalie nozo (inayopuliza dizeli) ya silinda hiyo, inawezekana inachuruza dizeli. Ukifunga mpya bila kujibu hilo swali zitakufa vile vile.

Cha pili ni gasketi ya kava ya tapeti kwa injini ambazo plagi ziko chini ya kava. Mfano mzuri ni Ford Power Stroke ya lita 7.3, ile gasketi ndio imebeba na konekta za waya za plagi na nozo, zikilegea au zikiungua plagi mpya haipati umeme. Umeshafungua kava, badilisha gasketi pamoja na waya za ndani, kazi ya kufungua umeshaimaliza.

Kununua rima ya kusafishia tundu pia sio anasa. Masizi yakijaa kwenye tundu plagi mpya inabanwa na haipoi vizuri. Rima ipake grisi ili ishike uchafu, izungushe taratibu kwa mkono, na kabla hata ya kufungua plagi kuukuu pulizia upepo kuizunguka mchanga usije ukaingia ndani. Plagi ngumu zimwagie mafuta ya kulainisha kutu usiku mmoja kabla, fungua injini ikiwa na joto, kidogo mbele kidogo nyuma, usilazimishe. Kuingiza, chomeka kichwa cha plagi kwenye kipande cha mpira wa mafuta uizungushe kwa vidole mpaka ishike meno, ndio umalizie kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari, nyingi za M10, yaani zenye meno ya milimita 10, ni kati ya Nm 12 na 18 tu.

Matundu yakiwa wazi pima na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, maana geji inafungwa hapo hapo kwenye tundu la plagi kwa adapta. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, gari itaendelea kusumbua asubuhi hata ukifunga plagi za dhahabu. Na betri zipimwe zikiwa na mzigo wa stata, plagi zinakula umeme mwingi sana, betri dhaifu haitoshi kuzipasha na kuzungusha injini kwa pamoja.