TAHADHARI: Hiyo "mashine ya kutoa misumari" inayozungushwa Kariakoo ni F30 iliyokatwa mdomo

Mafundi wenzangu, hasa nyie mnaofanya kazi na mbao za mabomoko na paleti, someni hii kabla hamjatuma hata mia. Kuna mtu anauza gani ya upepo (bunduki inayoendeshwa na hewa ya kompresa) ya kutolea misumari. Boksi jeusi, stika ya njano, bei laki nne na nusu, ukimbembeleza laki nne. Ile si mashine. Ni gani ya F30, hizi hizi tunazopigia visumari vyembamba kwenye vipande vidogo vya kabati, imekatwa, ikachomelewa bomba, ikapakwa rangi. Jina lake nimeshauriwa nisiliweke hapa mpaka kesi isimame, lakini mwenye boksi la namna hiyo kwenye begi la mgongoni anajijua.

Na nianze na hili kabisa, maana nawajua: asije mtu kuniambia "fundi mzima unauziwaje F30". Tunza maneno yako. Ungekuwepo pale ungetoa hela mapema kuliko mimi.

Nina kazi ya mvule: kuna mama mteja wangu anataka kitanda cha mbao za zamani, na ana tarehe yake. Mbao zilitoka kwenye nyumba iliyovunjwa Ilala, mvule wa zamani uliokauka mpaka unalia ukiugonga, na kila ubao una misumari ya inchi nne na inchi sita. Mingine imepigwa huku, mingine kule, mingine imekunjiwa nyuma na fundi ambaye Mungu amsamehe. Vijana wangu walikuwa wanainyoosha ncha kwa koleo, wanagonga kwa nyuma mpaka kichwa kichungulie, halafu wanakivuta kwa makucha ya nyundo au mtaimbo. Msumari unatoka, ndiyo, lakini unaacha alama ya kupondwa na nyundo kwenye uso wa ubao. Mteja anataka tundu la msumari lionekane, na ule weusi wake wa kutu. Alama ya nyundo hataki. Na misumari mingine inakatikia ndani, huioni tena mpaka ubao uingie kwenye mashine ya randa, usikie ule mlio, na visu vimekwenda.

Kwa hiyo msidhani sikujua ninachotafuta. Mashine halisi naijua inavyofanya kazi. Unalaza ubao juu ya magogo mawili, ncha za misumari zikitazama juu na chini pawe wazi. Msumari uliopinda unaunyoosha kwanza. Mdomo wa gani ni mwembamba na una tundu. Unauvisha kwenye ncha ya msumari, unaegemea kidogo, unabonyeza. Ndani kuna pistoni yenye fimbo nene ya chuma kigumu, ndiyo inayoupiga msumari na kuurudisha ulikotokea, kichwa kikitangulia. Upepo unaotakiwa ni psi 80 mpaka 120 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), kitu ambacho kompresa ya kawaida ya karakana inafikisha. Marekani wanazitumia sana wanaobomoa maghala ya zamani ya mashambani, maana mbao zile zina soko kwao. Hapa kwetu kila duka nililouliza wananitolea patasi ya upepo ya kubomolea zege.

Ndipo yule bwana anayetuletea gundi na msasa akaniambia kuna kijana anazo. Simlaumu, naye kadanganywa, na tangu siku ile hawezi kunitazama usoni.

Sasa sikilizeni nilivyofanyiwa. Alinielekeza kichochoro nyuma ya maduka ya vifaa kule mtaa wa Gerezani, pembeni ya fundi pancha. Kijana msafi, ovaroli imepigwa pasi. Akanipa shikamoo kwa mikono miwili, akaniita mzee wangu, akaniletea stuli nikae. Hakuanza na bei. Alianza kwa kuniuliza kompresa yangu lita ngapi, geji inasoma ngapi ikijaa, mpira wa upepo una urefu gani, maana ukiwa mrefu sana nguvu inapotea njiani. Tapeli gani anauliza urefu wa mpira? Akaniuliza kama vijana wangu wanavaa miwani, kwa sababu msumari unaporuka unaweza kumtoa mtu jicho. Akaniambia nisisahau matone ya mafuta kwenye tundu la upepo kila asubuhi. Yote ni kweli! Neno kwa neno ndivyo zinavyotunzwa gani zote za upepo. Ndiyo maana nasema mngenunua.

Akachomeka kwenye kompresa ya fundi pancha. Ubao ulikuwa umeshalazwa juu ya matofali mawili, na kopo la rangi limewekwa chini yake. Ubao mkongwe, mweusi, una ukungu, misumari ina kutu kuanzia ncha. Akauvisha mdomo kwenye ncha, akanitazama, akabonyeza. Tak. Msumari ukaanguka koponi. Akahamia wa pili, tak, koponi. Hakuna kupinda wala kukatika. Unatoka kama jino la mtoto. Akanipa mimi. Nikashika mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikabonyeza, nikasikia kengele ya msumari ikigonga kopo, na nawaambia ukweli moyo wangu uliruka. Nilishaanza kupiga hesabu ya mbao za Ilala kichwani. Fundi pancha naye akaacha kazi, akaja kutazama, akasema "hii kitu hatari". Leo najiuliza analipwa kiasi gani kusema vile.

Niliuliza, jamani. Niliuliza mbona ni nyepesi. Akacheka kwa adabu: "Ndogo ndiyo za kisasa mzee wangu, zile kubwa zinachosha mkono." Kulikuwa na paleti imeegemezwa ukutani, nikamwambia tujaribu na ile pale. Akasema ina mwenyewe, katoka kidogo, tukiigusa tutamkosea. Sasa mtu mstaarabu ukiambiwa kitu kina mwenyewe unafanyaje? Unaacha.

Nikamtumia laki nne na ishirini, na ya kutolea juu. Hiyo ya kutolea ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mtu ananiibia na mimi namlipia wakala!

Karakana vijana walikusanyika. Kompresa ikajaa, nikachagua ubao ulio rahisi, msumari wa inchi nne ulionyooka. Nikauvisha mdomo, nikabonyeza. Tak. Msumari haujatikisika. Tak. Ukapinda kidogo. Nikadhani upepo haujatosha, nikatazama geji, baa nane, yaani psi 116 hivi, unatosha. Nikabonyeza tena na tena, na ule mdomo ukaanza kuvimba na kufunguka kwa pembeni, chuma laini kabisa. Kijana wangu mdogo akasema ngoja nijaribu mimi mzee. Akaegemea. Ile pisi ya mbele ikachomoka ikampita sikioni na kugonga bati la ukuta. Sikioni! Nikiwaza ingepita kidole kimoja kushoto, ningekuwa naandika maneno mengine hapa, na mama yake ningemwambia nini?

Tukaifungua. Chini ya stika ya njano kuna alama za grenda, magazini ya misumari midogo imekatwa na tundu lake limezibwa kwa kipande cha bati. Mdomo ni kipande cha bomba la maji, kimechongwa, kimechomelewa kwa uchomeleaji ambao hata mwanafunzi wa VETA wa mwezi wa kwanza angeuonea aibu, na rangi juu yake. Ndani badala ya fimbo nene ya kupigia kuna kile kibapa chembamba cha F30 kinachosukuma visumari vya milimita thelathini. Kibapa hicho ndicho kilikuwa kipambane na inchi nne kwenye mvule. Ninayo F30 mbili ukutani, vijana walizitazama, wakanitazama mimi, hakuna aliyesema kitu, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya zaidi.

Na ule ubao wake pale kichochoroni? Nimekaa usiku nimeufikiria mpaka nimeuelewa. Ule ulikuwa mpaina, si mti mgumu, umeachwa kwenye mvua ukaonekana mkongwe. Misumari ilishatolewa zamani na kurudishwa kwa mkono kwenye matundu yaliyopanuliwa. Niliokota mmoja koponi siku ile ukaniachia mafuta vidoleni, nikajifuta kwenye suruali. Na haukulia. Kila aliyewahi kutoa msumari wa zamani anajua unavyolia ukiachia mti. Ile ilikuwa inasema tak halafu kimya.

Mtu wa namna hii anafanyiwa nini? Niambieni. Kituoni wameandika, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, na askari mmoja kanisomea kwamba kujipatia mali kwa udanganyifu ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka miaka 7. Saba haitoshi. Mimi ningependekeza afungwe pale pale Gerezani kwenye stuli yake, apewe ile gani, aletewe mbao zangu zote za mvule, asiondoke mpaka atoe msumari wa mwisho. Chakula apelekewe, sina roho mbaya. Na fundi pancha akae naye, awe anamwambia "hii kitu hatari" kila baada ya dakika tano.

Nacheka lakini sicheki. Sisi tunanunua vifaa kwa hela ya mteja, na mteja anataka kitanda chake, hataki habari za kichochoro. Kuna kijana mwingine wa Keko kaniambia jana kwamba naye anayo moja kabatini, alinyamaza kwa sababu ya aibu. Kunyamaza huko ndiko kulikomfanya huyu mtu anifikie mimi. Wangapi mnayo kabatini?

Haya, dalili, kwa sababu vijana wamenisumbua niziandike. Namba ya kutumia hela ilisoma jina la mwanamke, akasema ni la dada yake mwenye duka. Duka lenyewe sikuliona. Risiti aliandika kwa kalamu kwenye daftari, EFD, ile mashine ya risiti za kodi, "imezima mtandao". Boksi halina kijitabu, na kwenye stika psi haijaandikwa popote, wala saizi ya msumari. Uzito mnaujua: F30 inaingia mkononi bila kujisikia. Na anayeuza kitu hiki aambiwe mapema kwamba unakuja na ubao wako, wenye misumari yako, mgumu, mkavu. Akianza kusingizia kwamba ubao wako una mchanga, sijui ncha ya mashine itaharibika, geuka urudi zako. Kuna mengine lakini nikikumbuka damu inachemka.

Namba zake mbili hazipatikani tangu wiki iliyopita. Inasemekana kahamia upande wa Buguruni na sasa anasema ni fundi wa kompresa. Boksi kabadilisha, sasa ni la bluu.

Waliouziwa wote tukutane kwangu Jumamosi baada ya adhuhuri, mnapajua. Njooni na muamala kwenye simu na mashine yenyewe kama ilivyo. Msiichome wala kuirudisha kuwa F30, na ile pisi ya bomba ikichomoka msiitupe, mpelelezi anaitaka.