Unanunua gari Uingereza la kupeleka nyumbani? Anza na dashibodi

Mjomba wangu alisimamishwa na trafiki kwenye kijiji kimoja kabla ya kufika Segera. "Mzee wangu, tochi imesoma sabini na nane." Mjomba akashangaa kweli: "Afande, mbona mshale ulikuwa hamsini?" Na kweli ulikuwa hamsini. Hamsini za maili. Gari nilimpelekea mimi kutoka Northampton, na katika yote niliyomweleza, kuanzia oili hadi ufunguo wa akiba, la mshale nililisahau. Akalipa 30,000 zake, nami nikasimangwa kwenye kila shughuli ya familia kwa miaka miwili.

Huku Uingereza petroli inauzwa kwa lita na joto linapimwa kwa selsiasi, ila barabarani mambo yote ni maili. Mwisho wa mwendo kwenye barabara kuu za motorway ni maili 70 kwa saa, sawa na kilomita 113. Usukani lakini uko kulia kama kwetu, ndiyo maana ndugu wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda hununua gari, wakalitumia miaka mitatu minne, kisha wakalipakia melini. Kama ndiyo mpango wako, uliza maswali mawili kabla ya kuuliza bei. Spidi inasomeka kwa kilomita? Na ile hesabu ya umbali gari lilikotembea, nayo inageuka? Wengi wanakumbuka la kwanza tu. La pili ndilo linaloleta kesi wakati wa kuuza, maana maili 80,000 ni karibu kilomita 129,000, na mnunuzi wa Dar akiona 80,000 kwenye kioo hatafikiria maili hata siku moja. Akija kujua baadaye, wewe ndiye tapeli.

Machaguo yako mimi ningeyapanga hivi, namba moja likiwa bora zaidi.

1. Gari lenye skrini badala ya mishale

Hapa huhitaji fundi. Volkswagen Golf ya toleo la nane, iliyoanza kuuzwa huku 2020, haina mshale wa kweli. Ni picha kwenye skrini. Unaingia kwenye mipangilio, unatafuta vipimo, unachagua kilomita, na namba zote za spidi zinajipanga upya mbele ya macho yako. Tesla Model 3 ni hivyo hivyo, ila kabla ya kuipeleka Mwanza fikiria utaichajia wapi. Range Rover za miaka ya karibuni nazo zina skrini, na Nairobi zina wateja wake.

Usimwamini muuzaji anayesema "inabadilika hiyo". Kaa kwenye kiti, washa, badilisha mwenyewe, halafu angalia chini kule kwenye umbali uliotembewa. Umebadilika nao? Kuna magari ambayo ukichagua kilomita yanageuza kikokotoo cha safari na matumizi ya mafuta tu, spidi yenyewe inabaki maili. Hilo si gari la namba moja, hata likiwa na skrini kubwa kama ya sebuleni.

Kwa wa Kenya kundi hili lina faida nyingine: sheria ya kule haikubali gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na skrini ni mambo ya magari ya karibuni. Hutalazimika kuchagua kati ya dashibodi na forodha.

2. Gari la Ayalandi

Hili wengi hawalijui. Jamhuri ya Ayalandi wanaendesha kushoto, usukani kulia, na tangu tarehe 20 Januari 2005 vibao vyao vya spidi ni vya kilomita. Gari jipya lililouzwa Dublin baada ya hapo lina mshale wa kilomita na linahesabu kilomita toka kiwandani. Ukilisafirisha moja kwa moja kutoka kule, huna cha kubadilisha.

Kwa nini basi siliweki namba moja? Bei. Kodi yao ya usajili wa magari ni nzito, kwa hiyo hata lililotumika linauzwa ghali kuliko pacha wake wa Uingereza. Na kuna mtego: Waayalandi wenyewe wamenunua magari mengi yaliyotumika kutoka Uingereza. Namba ya usajili ya kule, mfano inayoanza na 191-D, inakuambia nusu ya kwanza ya 2019 na Dublin, haikuambii gari lilizaliwa wapi. Angalia mshale, usiangalie namba.

3. Mshale wa maili, na kilomita kwa msaada

Magari mengi ya huku yana namba kubwa za maili kwa nje na vidogo vya kilomita kwa ndani. Mchana vinasomeka, usiku kwa mtu wa umri wa mjomba ni kubahatisha. Ukiangukia hapa, chagua Volkswagen, Skoda au Seat zenye kipengele cha spidi ya pili: mshale unabaki maili, katikati ya dashibodi inatokea spidi ya kilomita kwa tarakimu. Ningemnunulia mjomba la aina hii yasingetokea yale. Umbali uliotembewa utabaki maili, hivyo uandike kwenye tangazo la kuuza kwa herufi kubwa.

4. Gari la Kijapani lililokwisha kutua Uingereza

Toyota Alphard na Mazda Bongo ziko nyingi huku, Waingereza wanazigeuza nyumba za kupigia kambi. (Ndiyo, Bongo irudi Bongo, utani huo nimeshausikia.) Kijapani maana yake ni kilomita, sivyo? Sivyo. Gari likiingia huku, mara nyingi linawekewa kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachogeuza usomaji uwe maili, au uso wa mshale unabandikwa karatasi mpya. Chukua gari lililofika na kilomita 90,000, likafungwa kifaa, likatembea maili 20,000. Dashibodi itaandika 110,000. Hizo si maili wala si kilomita, ni mchanganyiko. Ukweli ni kama kilomita 122,000.

Dawa ni rekodi za MOT, ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka wa huku. Ziko wazi kwenye tovuti ya serikali. Unaingiza namba ya gari tu, unaona kila ukaguzi gari lilisoma ngapi na kwa kipimo gani. Ukikuta mwaka mmoja kilomita, unaofuata maili, toa kalamu upige hesabu. Na ukweli kama unataka Alphard, agiza Japani yenyewe, wala usizungukie Northampton. Shida yake itakuwa redio tu, kwa sababu FM ya Japani inaanzia 76 na haifiki 108 kama yetu.

5. Kubadilisha dashibodi nzima

Hapana. Umbali wa zamani unapotea au unagongana na kumbukumbu za gari, ufunguo unaweza kukataa kuwasha, na nyumbani kila mtu ataamini umerudisha kilomita.

Kama gari tayari unalo na linasoma maili, nunua kile kioo kidogo cha kuonyeshea spidi kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD (ile ambayo fundi huchomeka kompyuta kupima gari) chini ya usukani, ukipange kilomita kabla halijapanda meli. Mjomba sasa anacho. Kwenye mipangilio ya gari usiguse kitu kimoja tu: upepo wa matairi uache PSI. Mjazaji upepo wa Mbagala anakuuliza "thelathini na mbili?", ukimwambia bar mbili nukta mbili atakuangalia tu.