Kipimo cha CMT: kinakuonyesha chuchu inayoumwa, hakikuambii bakteria gani

Ugonjwa wa kiwele uliojificha hauna uvimbe, hauna mabonge, hauna damu. Maziwa meupe, ng'ombe anakula vizuri, kumbe robo moja ya kiwele imeshaingiliwa. Ndiyo maana mimi sikamui bila kipimo cha CMT (California Mastitis Test, kipimo cha zizini cha ugonjwa wa kiwele) karibu, na mkamaji anayejiuliza kama anakihitaji namjibu mapema: anakihitaji. Ila ajue kazi yake inaishia wapi.

Vifaa ni viwili tu: kibao cha plastiki chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu, na chupa ya dawa ya zambarau. Unatupa michirizi ya kwanza, unakamulia kidogo kila kikombe, unainamisha kibao yamwagike yaliyozidi mstari, unaongeza dawa kiasi kilekile, kisha unazungusha taratibu kibao kikiwa kimelala. Soma ndani ya sekunde 10 hadi 20 huku bado unazungusha, kwa sababu uzito hafifu hupotea upesi. Maziwa mazima hubaki mepesi. Ya robo yenye maambukizi makali huvutika kama ute wa yai.

Kinachopimwa hapo ni chembe nyeupe za damu zilizokimbilia kwenye kiwele kupambana na vijidudu, wala si vijidudu vyenyewe. Dawa hiyo ni aina ya sabuni: inapasua chembe hizo, DNA iliyomo inatoka na kuyagandisha maziwa. Schalm na Noorlander walikitangaza kipimo hiki California mwaka 1957, na mpaka leo sijaona kingine cha zizini kinachotoa jibu la kila robo kwa urahisi huu. Rangi isikubabaishe, angalia uzito kwanza.

Sasa pale kinapoishia. Ng'ombe wetu mmoja mwekundu alionyesha alama 3, yaani uzito wa juu kabisa, chuchu ya nyuma kushoto, nyingine zote safi. Hapo ndipo wengi huchukua bomba la antibaiotiki na kusukuma ndani. Mimi nilisisitiza sampuli iende kwanza maabara ya mifugo. Nikafuta ncha ya chuchu kwa spiriti, nikaushika mrija wa sampuli kwa kuulaza ili vumbi lisidondokee ndani, nikauweka kwenye barafu papo hapo. Sampuli chafu huotesha vijidudu vya mikononi mwako, na majibu yake hayana maana.

Mtaalamu wa vijidudu aliyeipokea aliotesha maziwa kwenye agari ya damu (chakula cha kuoteshea bakteria kilichotiwa damu), joto la nyuzi 37, na kesho yake akaniita niangalie. Vijikundi vya rangi ya krimu, kila kimoja kimezungukwa na duara ambalo damu imeyeyuka. Akavijaribu kwa plazma (majimaji ya damu) ya sungura, ikaganda, dalili ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Kisha akapanga vidonge vya karatasi vyenye dawa mbalimbali kwenye sahani nyingine, na kuzunguka kile cha penisilini bakteria waliota hadi ukingoni. Tungesukuma penisilini ile bure, tukamwaga maziwa bure, na kulea usugu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Streptococcus agalactiae mara nyingi husikia penisilini vizuri. S. aureus hujichimbia ndani ya tishu za kiwele na kutoka kwa vipindi, kwa hiyo hata sampuli moja isiyootesha kitu haitoshi kusema ng'ombe ni mzima. Mycoplasma haina ukuta wa seli, penisilini haina pa kuishika, na haioti kwenye agari ya kawaida. Kibaoni wote hao wanaonekana sawa: maziwa mazito. Watu wanaokaa maabara kuwatenganisha bakteria hawa wanatuokolea mifugo, nami naiheshimu sana kazi yao. Yule mwekundu tulianza kumkamua wa mwisho, kwa taulo lake peke yake, ili mikono isiwapelekee wenzake.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya karatasi ya maelekezo iliyokuja na changu: haikusema kwamba ng'ombe aliyetoka kuzaa, akiwa bado na dang'a (maziwa ya kwanza), au anayekaribia kukaushwa (kuachwa kukamuliwa), anaweza kuonyesha uzito bila kuumwa. Mtu asiyejua atamtibu mnyama mzima. Pia suuza kibao baada ya kila ng'ombe, la sivyo utasoma maziwa ya aliyetangulia.

Kwa wafuga mbuzi: kinatumika, ila maziwa ya mbuzi kwa asili yana seli nyingi kuliko ya ng'ombe, hivyo alama 1 pande zote mbili isikutishe. Upande mmoja ukiuzidi mwenzake waziwazi, peleka sampuli.