Lambda na Mu: kipi hukwamisha kirusi kingine zaidi?

Maabarani hapa Kampala, bakteriofaji (kirusi kinachoshambulia bakteria, kama Lambda na Mu) akistawi juu ya utando wa bakteria huacha doa angavu, kama tundu la nondo kwenye shuka. Lambda hulala ndani ya bakteria E. koli, amejichomeka mahali palepale katika DNA yake, kati ya jeni za gal na bio, na protini yake ya CI huzima lambda wengine wanaoingia. Mionzi ya urujuanimno huiondoa CI hiyo, na lambda aliyelala huamka.

Mu, aliyeelezwa na mwanasayansi Taylor mwaka 1963, hujichomeka karibu popote katika DNA ya bakteria. Akiangukia jeni muhimu ya lambda aliyelala, huikata katikati; hapo lambda hata ukimwamsha hazai. Kwangu Mu ndiye kizuizi kikali zaidi, na wanafunzi waanze naye.