RAF Museum Hendon: ndege nzuri sana, ila someni pia habari za wanaokaa kwenye bodi

Naanza na jibu kabisa kwa wanaotaka kujua tu waende au wasiende: nendeni. Makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza pale Hendon, kaskazini mwa London, ni moja ya sehemu chache kwenye huu mji unaingia bure na unatoka umeshiba kweli, na kama una watoto ndio kabisa. Ila sitaishia kwenye ndege maana za ndege watu wameshaandika sana, mimi nataka niongelee bodi ya wadhamini, yaani wale watu waliokabidhiwa haya makumbusho kisheria, walikuwa wanafanya kazi gani kabla hawajaja kukaa pale mezani. Nimelifuatilia hili kwa muda na naamini linaeleza nusu ya kile unachokiona ukiingia kwenye mahanga, yale majengo makubwa ya kuwekea ndege.

Kwa wasiojua mfumo wa huku, RAF Museum ni charity, yaani shirika la hisani, iliyosajiliwa na hapohapo ni taasisi ya umma iliyo chini ya wizara ya ulinzi, serikali inatoa ruzuku halafu wenyewe wanajiongezea na duka, mkahawa, maegesho, kukodisha kumbi na michango ya watu. Mdhamini halipwi mshahara. Kazi yake siyo kutembeza wageni, yeye anapitisha bajeti, anasimamia mkurugenzi, anakubali au anakataa mipango mikubwa, na ndio mwenye neno la mwisho kitu gani kitunzwe na kitu gani kiachwe kiende. Sasa mtu mwenye neno la mwisho lazima utake kujua katokea wapi, si ndio? Na majina yao siyo siri, yako kwenye taarifa ya mwaka, yeyote anaifungua anasoma.

Tuanze mwanzo. Makumbusho yalifunguliwa na Malkia Elizabeth Novemba 1972, kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Hendon, uwanja ambao rubani Claude Grahame-White ndio aliupa umaarufu na ambao Septemba 1911 barua za kwanza za ndege za Uingereza ziliondokea hapo kwenda Windsor. Miaka ile ya maandalizi mwenyekiti wa wadhamini alikuwa Sir Dermot Boyle, aliongoza kuanzia 1965 mpaka 1974. Huyu mzee alikuwa mkuu wa jeshi la anga 1956 hadi 1959, na ndiye wa kwanza kabisa aliyepita chuo cha maofisa wa jeshi la anga cha Cranwell kama kadeti akafika kukalia kile kiti. Alipostaafu akawa makamu mwenyekiti wa British Aircraft Corporation, kampuni ya kuunda ndege, 1962 mpaka 1971. Hesabu hiyo miaka vizuri, kuna kipindi kirefu alikuwa na kofia zote mbili kwa pamoja, kiwandani na makumbusho. Silisemi kama tuhuma, makumbusho yanayoanza kutoka sifuri yanahitaji mtu ambaye akipiga simu jeshini au kiwandani inapokelewa, na ndege hazikuja Hendon kwa miguu. Nataka tu tuone msingi ulimwagwa na watu wa aina gani.

Halafu akaja yule ambaye kwangu mimi ndiye mwenye historia tamu kuliko wote, Sir Michael Beetham, mwenyekiti kuanzia 1983 mpaka 1999. Kijana huyu aliendesha ndege ya mabomu aina ya Lancaster kwenye Vita vya Pili na kikosi namba 50, akamaliza misheni 30 juu ya Ujerumani wakati wenzake wengi hawakurudi. Baada ya vita akawa mtu wa kujaza mafuta angani, yaani ndege moja kuipa nyingine mafuta zikiwa zinaruka, kipindi ambacho wengi waliona ni mchezo wa hatari usio na faida. Mwaka 1959 akiwa kamanda wa kikosi namba 214 alirusha ndege ya mabomu aina ya Valiant kutoka Uingereza mpaka Cape Town bila kutua popote, saa 11 na ushee, ananyonya mafuta kutoka ndege nyingine hukohuko juu. Yaani alilivuka bara letu lote bila kugusa ardhi. Akapanda vyeo mpaka mwaka 1977 akawa mkuu wa jeshi la anga, na mwaka 1982 vita ya Falklands, ya Uingereza na Argentina, ikamkuta hapohapo kwenye kiti, na ile safari ya ndege ya mabomu Vulcan kwenda kupiga uwanja wa ndege wa Stanley kule visiwani ilihitaji ndege 11 aina ya Victor za kujaza mafuta angani ili Vulcan moja tu ifike. Utaalamu ule wa miaka ya 50 ndio ulikuja kulipa.

Sasa hapa ndipo mtu wa Afrika Mashariki anatakiwa kukaa vizuri. Mnaikumbuka East African Airways? Kuanzia 1966 ilikuwa na Super VC10, ndege za abiria zilizotoka mikononi mwa hiyohiyo British Aircraft Corporation ya mzee Boyle, na wazazi wetu walizipanda Nairobi, Entebbe na Dar kwenda London. Moja ilipata ajali Addis Ababa Aprili 1972. Shirika lilipokufa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, zile 4 zilizobaki zilirudi Uingereza na jeshi la anga likazichukua likazigeuza kuwa ndege za kujaza mafuta angani, na kipindi hicho mkuu wa jeshi ni nani, ni Beetham, bingwa mwenyewe wa hiyo kazi. Ile iliyokuwa na usajili wa Tanzania, 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuundwa duniani, ilitoka kiwandani 1970, ikatumikia jeshi kwa namba ZA150 mpaka Septemba 2013 ilipotua Dunsfold kule Surrey ikabakizwa ihifadhiwe. RAF Museum wenyewe wana VC10 nyingine kwenye tawi lao la Cosford, ile iliyozaliwa jeshini, siyo yetu. Mimi hii historia nikiisoma moyo unapiga, ndege iliyobeba wanafunzi na mahujaji wetu ikaja kuzinywesha mafuta ndege za vita za watu wengine kwa zaidi ya robo karne, na kama kuna mdhamini yeyote anayeweza kuiona thamani ya hii simulizi ni yule aliyewahi kuwa upande wa East African Airways, fundi, mhudumu, rubani, mhasibu, yeyote.

Turudi kwenye bodi. Baada ya hapo mtindo haukubadilika sana pale juu. Sir Glenn Torpy, rubani wa ndege za vita za Jaguar na Tornado, alipigana vita ya Ghuba 1991, mkuu wa jeshi 2006 hadi 2009, naye akaja kuwa mwenyekiti wa wadhamini. Akafuata Sir Andrew Pulford, mtu wa helikopta, mkuu wa jeshi 2013 hadi 2016, naye mwenyekiti. Pembeni yao kwenye bodi kama hizi huwa kuna watu wa fedha, wanasheria, watu wa biashara, wa elimu na wa makumbusho, na hao ndio wanaofanya milango iwe wazi na hesabu zipite, tusiwasahau. Lakini anayeshika nyundo ya mkutano kwa miaka mingi amekuwa mtu wa bawa.

Na ukiingia mle ndani unaona kabisa kwamba mashine imepewa heshima yake yote. Lancaster R5868 iko pale, misheni 137, na ubavuni wamechora yale majigambo ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani ya Hitler, kwamba hakuna ndege ya adui itakayopita juu ya Ujerumani. Kuna ndege ya kivita Typhoon MN235, ndiyo pekee duniani iliyobaki nzima. Kuna Sunderland, ile ndege kubwa ya kutua majini, unapanda unaingia tumboni mwake unaona jiko na vitanda, na hapo nikawaza Kisumu, Mombasa, Dar na Lindi ambako ndege za Imperial Airways za ukoo huohuo wa kiwanda cha Short zilikuwa zinatua majini kuanzia 1937. Ila mimi kilichonikamata zaidi ni ndege ya mabomu Halifax W1048. Hii iliruka Aprili 1942 kwenda kuipiga Tirpitz, meli ya vita ya Wajerumani, kule Norway, ikapigwa, ikatua juu ya ziwa lililoganda barafu, watu wote ndani wakapona, mmoja aliyeumia mguu akakamatwa na wengine wakatembea mpaka Sweden, ndege ikazama. Wakaitoa ziwani 1973. Na hawakuipaka rangi! Wameiacha vilevile ilivyotoka majini, imeliwa na kutu, imekunjika, unaisogelea unakaa kimya. Kuna mtu alikaa kwenye mkutano akasema tusiiguse hii, na huo ni uamuzi wa busara kuliko kumi za kung'arisha.

Hata karakana yao ya ukarabati kule Cosford inaitwa Michael Beetham Conservation Centre, kwa jina la huyohuyo mzee wa Lancaster, na ndiko ilikopelekwa ile ndege ya mabomu Dornier 17 ya Mjerumani iliyotolewa chini ya bahari Juni 2013, wakawa wanainyunyizia asidi ya limau muda mrefu kuondoa uchafu wa chumvi. Kazi ya uvumilivu ile, na inaonyesha ukiwa na wadhamini wanaoelewa bati, riveti na injini, fundi anapewa muda wake.

Sasa ninachokitaka mimi kiongezeke. Jeshi hili la anga halikuruka juu ya Ulaya tu. Mwaka 1920 ndege zake aina ya DH9 zilipiga ngome za Sayid Mohamed Abdullah Hassan, kiongozi aliyepigana na Waingereza, kule Somalia. Kuanzia 1953 mpaka 1955 mabomu ya ndege aina ya Lincoln yalikuwa yanadondoshwa kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya dhidi ya Mau Mau, ndege zikiondokea Eastleigh, Nairobi, uwanja ambao sasa ni Moi Air Base, pamoja na ndege za Harvard ndogondogo zilizokuwa zinaruka chini chini. Na siyo mabomu tu, kikosi namba 82 kiliruka na Lancaster za kamera baada ya vita kikipiga picha za nchi zetu, na ramani nyingi za zamani zilichorwa kutokana na picha hizo. Lincoln moja ipo Cosford. Ndege aina ileile. Mtu aliyekaa kwenye chumba cha rubani ana mengi ya kutuambia kuhusu Lincoln, injini zake, uzito wake, baridi ya huko juu. Lakini kuna mwenzake aliyekuwa chini msituni anaisikia inakuja, na kuna aliyekuwa anazifagilia njia pale Eastleigh, na kuna karani wa kambi, na kuna mama aliyekuwa nje ya uzio anauza ndizi. Hao nao ni historia ya ndege hiyohiyo. Mimi naona kabisa chumba kimoja cha Eastleigh kikijaza watu, na siyo watu weusi tu, kila mtu anayependa ndege angekitaka.

Na haiwezi kusemwa kwamba haiwezekani, maana wenzao wa Imperial War Museum, wenye uwanja wa Duxford karibu na Cambridge kulikojaa ndege vilevile, bodi yao imewekewa viti vya mabalozi wa nchi za Jumuiya ya Madola: Kanada, Australia, New Zealand, India, Afrika Kusini, Pakistani na Sri Lanka. Kwa kazi yake balozi siyo rubani wala mhandisi wala tajiri wa viwanda, lakini yupo mezani kwa sababu watu wake walikuwepo vitani. Utagundua Kenya haimo, Uganda haimo, Tanzania haimo, pamoja na vijana wote wa King's African Rifles waliokwenda mpaka Burma. Inauma kidogo, lakini mlango wenyewe umeshathibitika kuwa ni mlango.

Nyota 4 kati ya 5 kwa Hendon, na hiyo ya tano naishikilia kwa mapenzi, siyo kwa hasira. Kama unakwenda, panda treni ya Northern line ushuke Colindale, kutoka hapo ni kutembea tu, ukienda na gari maegesho ni ya kulipia. Nenda asubuhi siku ya kazi kama unataka kuiona Halifax kwa utulivu, wikendi watoto ni wengi na ni haki yao. Vaa viatu vya kutembea, mahanga yametawanyika na utazunguka sana, na usiishie hanga la kwanza ukadhani umemaliza.

Halafu kwa ndugu zangu mlio huku, mafundi ndege mliotoka Nairobi na Addis, wahasibu, walimu wa historia, manesi wa zamani wa jeshi, nafasi za wadhamini wa taasisi za umma za Uingereza huwa zinatangazwa wazi kwenye tovuti ya serikali ya uteuzi, fomu ni ileile kwa kila mtu na wanaandika wanatafuta ujuzi gani. Zikitoka za hapa Hendon, jazeni.