Speedtest, FAST na WiFiman: miezi miwili ya kupima intaneti ya nyumbani Isamilo

Nyumba yetu iko Isamilo, kwenye mteremko wenye mawe makubwa kama ilivyo sehemu kubwa ya jiji la Mwanza, na chumba cha nyuma kimejengwa chini kidogo ya sebule, kikitenganishwa nayo na ukuta mnene wa mawe unaozuia udongo wa mlima. Humo ndimo mdogo wangu wa kike anamosomea kozi ya uhasibu kwa njia ya mtandao, jioni tatu kwa wiki. Kwa muda mrefu mwalimu wake alikuwa akimwambia karibu kila kipindi kwamba picha yake imeganda na sauti yake inafika vipande vipande. Nilikuwa nimekwisha kukubali kulipia kifurushi kikubwa zaidi, kutoka megabiti 20 kwa sekunde kwenda 50, lakini jirani anayefanya kazi ya kufunga kamera za ulinzi alinishauri nipime kwanza, ili niujue ugonjwa kabla ya kununua dawa. Tathmini hii inatokana na miezi miwili ya kupima kwa programu tatu za simu, na nitaieleza zaidi Speedtest kwa kuwa ndiyo niliyoitumia kila siku.

Speedtest ni ya kampuni ya Ookla, iliyoanzishwa mwaka 2006 na yenye makao yake Seattle, Marekani. Inapatikana bure kwenye simu za Android na za iPhone, na matumizi yake hayahitaji ufundi wowote: unabonyeza duara kubwa lililo katikati ya skrini, programu inatafuta seva (kompyuta ya kupimia) iliyo karibu, inapima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kisha inapima kasi ya kupakua, yaani kuleta data kwako, na mwisho kasi ya kupakia, yaani kuipeleka. Chini ya dakika moja kazi imekwisha na matokeo yamehifadhiwa pamoja na tarehe na saa yake. Kumbukumbu hiyo ya vipimo vilivyopita ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote ndani ya programu hii, kwa sababu itakayoeleweka mbele.

Kabla ya kusoma matokeo, ni lazima mtu atofautishe megabiti na megabaiti. Watoa huduma huuza kasi kwa megabiti, ilhali simu huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya megabiti 20 ikifanya kazi barabara hushusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, na video ya megabaiti 100 itachukua kama sekunde 40. Nimewasikia watu wazima wenye akili zao wakilalamika kwamba wameibiwa, kumbe wanalinganisha vipimo viwili tofauti. Mtoa huduma anayeandika kasi kwa herufi kubwa kwenye tangazo bila kueleza kipimo chake naye ana sehemu yake ya lawama.

Namba inayovutia macho ni ya kupakua, na kwa mtu anayetazama filamu peke yake inatosha. Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa picha ya kiwango cha 1080 na megabiti 15 kwa picha ya 4K. Lakini anayesoma au kufanya mkutano kwa video anapaswa kuanza na namba nyingine mbili. Kasi ya kupakia ndiyo inayobeba sura na sauti yake kwenda kwa wenzake. Muda wa kwenda na kurudi, ambao hupimwa kwa milisekunde, ndio unaoamua kama mazungumzo yatakuwa ya kupokezana vizuri au ya kukatizana. Speedtest huonyesha muda huu mara tatu: laini ikiwa imetulia, laini ikiwa inapakua, na laini ikiwa inapakia. Sikujua umuhimu wa tofauti hiyo hadi jioni moja nilipopima sebuleni na kuona muda, ambao kwa kawaida ni milisekunde 26 laini ikiwa imetulia, umeruka hadi 480 wakati wa kupakia. Nilirudia mara tatu, ikawa vilevile.

Chanzo chake kilikuwa mezani, mita mbili kutoka nilipokaa. Simu ya mama, aliyerudi siku hiyo kutoka kwenye harusi ya Bukoba, ilikuwa inapandisha picha na video zote za sherehe kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Upande wa kupakia wa laini yetu ni mwembamba kuliko ule wa kupakua, na unapojazwa, kila kitu kingine hupanga foleni nyuma yake ndani ya ruta, kile kifaa kinachotugawia Wi-Fi nyumbani, hata ujumbe mdogo kabisa wa sauti. Tulibadili mpangilio wa simu hiyo ili ihifadhi picha usiku wa manane, na siku ya pili muda wa wakati wa kupakia ukabaki chini ya milisekunde 90. Kifurushi kikubwa zaidi kingeificha kasoro hii kwa wiki kadhaa tu, nasi tungekuwa tumelipia nafasi ambayo hatukuihitaji.

Hata hivyo chumba cha nyuma kiliendelea kusumbua, na hapa ndipo Speedtest peke yake ilipopungukiwa. Inakueleza kwamba kasi imeshuka, lakini haikuelezi kama imeshukia ndani ya nyumba au nje yake. Njia niliyofundishwa ni kusimama kwanza mita moja kutoka kwenye ruta, nikiwa nimeunganishwa kwenye masafa ya gigahezi 5, yenye kasi kuliko yale ya gigahezi 2.4, nikiwa nimezima data ya simu na VPN (programu inayoipitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), na kupima mara tatu. Matokeo hayo huchukuliwa kuwa ya mtoa huduma. Kisha kwa simu ileile unakwenda chumba kwa chumba, na kasi yoyote inayopotea njiani ni ya nyumba yako mwenyewe. Asubuhi saa 1 nilipata megabiti 19.4 kando ya ruta. Ndani ya chumba cha nyuma nilipata 2.1 za kupakua na 0.6 za kupakia. Nasisitiza simu ileile, kwa kuwa simu ya zamani inayokubali gigahezi 2.4 peke yake inaweza kukupa namba ndogo hata ikiwa imelazwa juu ya ruta.

Kwa kazi hii nilisakinisha WiFiman, programu ya kampuni ya Ubiquiti, ambayo ni ya bure na haina matangazo. Yenyewe huonyesha nguvu ya mawimbi pale uliposimama, kwa namba zenye alama ya hasi: kadiri namba inavyosogelea sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 bado inabeba simu ya video bila taabu, na ukifika hasi 80 usitegemee mazungumzo yoyote ya maana. Sebuleni nilisoma hasi 44. Kwenye ngazi za kushukia chumba cha nyuma nilisoma hasi 71, na nilipokaa kwenye kiti cha mdogo wangu, mgongo ukiwa umeelekea ukuta wa mawe, hasi 83.

Nilitembea na simu mkononi kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, nikaona jambo ambalo nililipita kila siku kwa mwaka mzima. Fundi aliyetufungia intaneti aliiweka ruta pale waya ulipoingilia, yaani nyuma ya friza tunamohifadhia sangara na nyama, kwa sababu soketi ilikuwa hapohapo. Friza ni sanduku la chuma lililojaa barafu. Chuma huyarudisha mawimbi. Kwa hiyo kabla mawimbi hayajaufikia ukuta wa mawe yalikuwa yamekwisha kudhoofika. Tulinunua waya wa mita 8, tukaihamishia ruta ukutani juu ya ngazi, mahali panapoona sebule na chumba cha nyuma kwa pamoja. Namba kwenye kile kiti ikawa hasi 62, na kasi ya kupakua ikapanda hadi megabiti 16. Gharama yote ilikuwa ni waya, misumari michache na jioni moja.

WiFiman huonyesha pia vifaa vyote vilivyounganishwa kwenye mtandao wako, na kwenye Android huonyesha mitandao ya majirani pamoja na chaneli zake, yaani vijia vya mawimbi inavyotumia. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, na mtaani kwetu, ambako nyumba zimepangana juu ya mteremko kama viti vya uwanjani, karibu kila mtu alikuwa kwenye chaneli 6. Tulihamia 11. Mwenye iPhone hataiona orodha hiyo, kwa kuwa mfumo wa simu hiyo hauziruhusu programu kuchunguza mitandao ya jirani kwa namna hiyo. Mwenye Android naye ataombwa ruhusa ya mahali alipo kabla ya kuiona, kwa sababu orodha ya mitandao ya Wi-Fi inayokuzunguka inaweza kutumika kukisia ulipo.

Baada ya nyumba kurekebishwa, ikabaki saa ya jioni. Hapa kumbukumbu ya Speedtest ilifanya kazi ambayo maneno yangu matupu yasingeifanya. Kwa siku 14 nilipima saa 1 asubuhi na saa 2 usiku, mahali palepale kando ya ruta, na katika siku 9 kati ya hizo kasi ya usiku ilikuwa kati ya megabiti 5 na 7. Nilipopiga simu kwa kampuni inayotuhudumia, nilijibiwa kwa upole kwamba nizime ruta na kuiwasha tena. Nilifanya hivyo, kisha nikawatumia picha za vipimo vyote 28, kila kimoja kikiwa na tarehe, saa na seva iliyotumika. Siku tatu baadaye alikuja fundi, akapima mwenyewe saa 2 usiku kwa kompyuta aliyoiunganisha kwa waya, akapata megabiti 6, na akakiri kwamba wateja wa mtaa wetu wamekuwa wengi kuliko uwezo wa kifaa kinachotugawia. Ilichukua wiki tatu nyingine, na sasa usiku tunapata kati ya 12 na 15. Bado si 20 tunazolipia, nami ninaendelea kuwatumia vipimo kila mwisho wa wiki.

Jambo moja la Speedtest linahitaji uangalifu. Kwangu ilichagua yenyewe seva iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa kwa barabara. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari hiyo kwenda na kurudi huhitaji kama milisekunde 10 tu, zilizobaki kati ya zile 26 zikiwa ni za vituo vya njiani. Nilipochagua seva ya London kwa mkono, muda ulifika milisekunde 171. Ina maana kwamba namba nzuri ya Dar es Salaam haithibitishi kuwa njia ya kwenda nje ya nchi ni nzima. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika mwezi Mei 2024, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na katika hali kama ile kipimo cha ndani kinaweza kuonekana cha afya ilhali mikutano inayopitia seva za Ulaya imekwama. Kwa hiyo anayesoma au kufanya kazi na watu wa nje apime pia seva ya mbali.

FAST, iliyotolewa na Netflix mwaka 2016, ni nyepesi zaidi: unaifungua, inaanza kupima yenyewe, na namba moja kubwa inatokea. Kasi ya kupakia na muda wa kwenda na kurudi vimefichwa nyuma ya kitufe cha maelezo zaidi, na hilo ni kosa la kimpangilio kwa mtu anayefanya mikutano. Kipimo chake hutumia seva za Netflix, ambazo baadhi huwekwa ndani ya mitandao ya watoa huduma wenyewe, kwa hiyo ni shahidi mzuri wa filamu na shahidi wa kiasi tu kwa mambo mengine. Niliitumia pale nilipotaka kuthibitisha namba ya Speedtest iliyonitia shaka.

Malalamiko yangu kwa Speedtest ni matatu. Toleo la bure lina matangazo mengi, na baadhi hutokea palepale unapotaka kusoma matokeo. Ookla hutengeneza takwimu za mitandao kutokana na vipimo vya watumiaji, kwa hiyo asiyependa kutoa mahali alipo aikatae ruhusa hiyo. Kipimo kitaendelea kufanya kazi. La tatu ni la kuwaonya wanaotumia bando la simu: kipimo cha sekunde 10 kwenye laini ya megabiti 20 hula megabaiti 25 za kupakua, na simu yenye mtandao wa kasi zaidi hula maradufu na kuzidi. Mwenye bando la megabaiti 500 akipima mara kumi kwa udadisi anaweza kulimaliza kabla hajatuma ujumbe mmoja.

Mdogo wangu sasa hupima mara moja tu, dakika kumi kabla ya kipindi, akiwa kwenye kiti chake kando ya ukuta wa mawe. Haangalii tena namba ya kupakua. Akiona kasi ya kupakia iko chini ya megabiti 3, hupanda ngazi kumwuliza mama kama kuna video anazotuma, na kama hakuna, huhifadhi picha ya kipimo hicho kwenye folda ya zile ninazozituma kwa mtoa huduma siku ya Jumamosi.